Ndoa za Mambo katika Nchi ya Wandamo

Nilikaa Wandamo msimu mmoja wa palizi. Sitamchosha msomaji kwa habari za njia iliyonifikisha huko. Inatosha kusema kwamba nchi hiyo haimo katika ramani zetu, na wenyeji wake hawajaiona nchi yetu katika ramani zao. Nitaandika niliyoyaona na niliyoyasikia. Patakapokuwa na jambo nisiloliona kwa macho, nitasema wazi kuwa sikuliona, na nitatoa sababu za kuamini kwamba lipo.

Siku ya kwanza mjini nilikuta harusi. Turubai lilikuwa limefungwa katikati ya uwanja, ngoma ikipigwa, wanawake wamevaa kanga za sare, na harufu ya pilau imejaa mpaka barabarani. Nikamuuliza mtu aliyesimama karibu nami, bwana mnene mwenye kofia iliyodariziwa vizuri, maharusi wako wapi.

"Mgeni wewe," akasema kwa upole. "Leo haolewi mtu. Leo tunamwozesha Mvua ya Mawe kwa Chafya ya Mbuzi."

Nilidhani ananitania. Mbuzi mwenyewe alikuwa amefungwa kwenye nguzo, amevishwa shada la asumini, anatafuna ukingo wa mkeka wa wageni. Wazee walikuwa wakimpita na kumsalimu kwa heshima.

Bwana yule aliitwa Machano, naye ndiye aliyekuwa Msajili Mkuu wa Idara ya Ndoa za Mambo. Alinieleza taratibu zao bila haraka. Mambo mawili yakionekana yakifuatana mara nyingi, na mashahidi wakala kiapo, Idara huyafungisha ndoa hadharani. Linalotangulia huitwa mume, linalofuata huitwa mke, na tangu siku hiyo mume hubeba lawama au sifa ya kila anachofanya mke. Nilipouliza ni kitu gani hasa kinachopita kati ya chafya ya mbuzi na mvua ya mawe, Bwana Machano aliangalia pembeni, na wanawake waliokuwa karibu wakafunika midomo kwa ncha za kanga.

"Hayo ni mambo ya chumbani, bwana," akaninong'oneza. "Sisi tunaandika nani kaingia na nani katoka. Mtu mwenye adabu hachungulii."

Katika siku zilizofuata niliyaona matunda ya adabu hiyo. Mwavuli na Mvua walikuwa wameoana zamani, kwa hiyo kila ukame ulipozidi wananchi waliamriwa kutembea na miavuli wazi. Mvua isiponyesha, ilisemwa kwamba miavuli ya siku hizi haina ubora. Mganga naye alikuwa ameozeshwa Kifo, kwa kuwa mashahidi wengi waliapa kwamba wamemwona akiingia nyumbani na baada yake yakafuata mazishi. Waganga wote walihamishiwa ng'ambo ya mto. Mgonjwa aliyetaka kupona alivuka mwenyewe kama alikuwa na nguvu, na kama hakuwa na nguvu alibaki upande huu, ambako, walisema, hakuna hatari ya kukutana na mganga.

Sikucheka sana, na nawaomba wasomaji nao wasiharakishe kucheka. Idara hiyo hiyo ndiyo iliyogundua kwamba watu wa mtaa fulani waliochota maji katika kisima kimoja waliharisha, na waliochota kingine hawakuharisha. Kisima kile kiliozeshwa Kuhara na kufunikwa, na watoto wengi wako hai kwa sababu hiyo. Kutazama kwa makini si jambo dogo. Nilichoanza kujiuliza ni kama kutazama peke yake kunatosha.

Bwana Machano alinialika ofisini kwake, na huko ndiko nilikokutana na Mwalimu Mashavu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye vumbi la chaki kwenye mikono ya gauni, ameketi kwenye benchi la washitakiwa kama mtu anayesubiri zamu ya kukatiwa tiketi.

"Huyu," alisema Bwana Machano kwa sauti ya masikitiko, "ni mume."

"Wa nani?" nikauliza.

"Ujio wa Mwalimu Mashavu umeoana na Kuondoka kwa Watoto. Alipelekwa Tondooni, watoto wakaacha shule. Akapelekwa Kisimbi, wakaacha. Walimu wengine wanakwenda vijiji vya milimani na watoto wanabaki. Mimi sina chuki naye. Nimeandika kilichoonekana."

"Harusi nilialikwa," alisema Mwalimu Mashavu. "Pilau lilikuwa na chumvi nyingi."

"Mwalimu, usilete mzaha."

"Sileti mzaha, Bwana Msajili. Nilikula kwa sababu nilikuwa na njaa."

Sheria ilimpa nafasi moja ya mwisho. Alikuwa amepelekwa Pangali, kijiji cha bondeni panapolimwa ufuta. Palizi ilikuwa inakaribia. Ikiwa palizi itaisha na watoto wa Pangali wameacha shule kama wale wa kwanza, mwalimu atavushwa mto kwenda kukaa na waganga, wala hataruhusiwa kurudi. Alikuwa na mama mzee upande huu.

Nilimuuliza anadhani nini kinawaondoa watoto.

"Sijui," akasema. "Hilo ndilo linaloniuma. Mimi si mkali. Nimewauliza watoto wenyewe, wananiambia, mwalimu tunakupenda, kwaheri."

Kwa kuwa nilikuwa mgeni asiye na kazi, nilimwomba ruhusa ya kufuatana naye. Akasema njiani atapitia Nyumba ya Majina, maana jirani yake amemhakikishia kwamba huko watu wanasikilizwa.

Nyumba ya Majina ilianzishwa na wananchi waliochoshwa na Idara. Humo hapakuwa na ngoma wala mashahidi. Palikuwa na mito ya kukalia, kahawa na tende, na mwenyeji wetu, Bi Hidaya, alitusikiliza kwa utulivu ambao sijauona kwa afisa yeyote wa nchi yoyote. Mwalimu alipomaliza hadithi yake, Bi Hidaya alikuwa na machozi.

"Umeumizwa na neno, mwanangu," akasema. "Wamekuita mume, wamekuita sababu. Idara wanadhani kuna mambo huko nje yanayongoja kuozeshwa. Hakuna mambo. Kuna masimulizi tu, na kila nyumba ina lake."

Watu hawa nao nawatendea haki. Zamani watu wa milimani waliwaita watu wa bondeni wavivu, na neno hilo likaingia katika matangazo ya serikali kana kwamba ni jina la kabila. Ni Nyumba ya Majina iliyoonyesha nani alilianzisha na kwa faida ya nani, na neno likafutwa. Kazi hiyo Idara isingeweza kuifanya hata kwa miaka mia, kwa sababu mashahidi wake wote walikuwa wa milimani.

"Sasa nisaidie, Bi Hidaya," alisema Mwalimu Mashavu. "Nifanye nini?"

"Tutabadilisha jina. Watoto hawajaacha shule, wanajifunza kwa mbali. Wewe nawe hufukuzwi, unapewa pumziko pana."

"Nikifukuzwa kwa jina hilo zuri, nitalala upande upi wa mto?"

Bi Hidaya akamimina kahawa.

"Na kama Idara wanasema mimi ndiye ninayewaondoa watoto," mwalimu akaendelea, "na mimi nasema siye, nani kati yetu anasema kweli?"

"Ukweli wa Idara ni wa Idara. Wako ni wako."

"Haiwezekani mmoja wetu akawa amekosea?"

"Swali hilo, mwanangu, linaumiza watu," alisema Bi Hidaya, na alimaanisha. Nilimpenda, ndiyo maana nilihuzunika tulipotoka.

Nje mwalimu aliitazama barabara ya bondeni.

"Mmoja haniruhusu kuchungulia chumbani," akasema. "Mwingine ananiambia hakuna chumba. Mgeni, una viatu vizuri? Twende tukachungulie."

Pangali ni kijiji kilicholala kati ya mto na mashamba ya ufuta. Darasa lilikuwa limejaa tulipofika, lakini palizi ilikuwa haijaanza. Mwalimu Mashavu alifundisha asubuhi, na jioni tulipita nyumba kwa nyumba. Nilijifunza mengi kwa namna alivyouliza. Hakuuliza mtoto ataondoka lini, wala hakuuliza mzazi anaionaje elimu. Aliniambia swali lake ni lingine, na kwamba hamuulizi mtu, analizungusha kichwani: pawe na kitu gani hapa, hata mtu anayempenda mwanawe amtoe darasani kila mwaka wakati huo huo?

Mzee mmoja aitwaye Vuai, baba wa watoto wanne, alitukaribisha ukumbini.

"Nitamtoa Mize wiki ya palizi," alikiri bila kuona haya. "Na Mbwana pia. Wakirudi watarudi, wasiporudi ndiyo basi. Mtoto akishazoea jembe, daftari linamkimbia."

"Shamba lako ni kubwa kuliko nguvu zako, baba?" mwalimu akauliza.

"La, nalimudu na mke wangu."

"Sasa Mize wa nini?"

"Wa kuonekana."

Vuai akacheka, akatuona wajinga kidogo, akaeleza. Mashamba ya bondeni si ya wakulima. Ni ya serikali, na familia hukaa nayo kwa sharti la mikono. Wakati wa palizi hupita msimamizi, Bwana Faki, akitazama mikono iliyomo katika kila shamba. Mwenye mikono michache hukatwa kipande, nacho hupewa jirani mwenye mikono mingi.

"Bwana Faki amewahi kukuambia umtoe mtoto shule?"

"Faki? Aka! Faki mtu mpole, hata salamu anaitoa kwa aibu."

"Mara ya mwisho mtu kukatwa shamba hapa ilikuwa lini?"

Vuai akafikiri. "Enzi za baba yangu."

"Basi unaogopa kitu ambacho hakijatokea."

"Hakijatokea kwa sababu tunaogopa, mwalimu," alisema Vuai. "Siku moja nisiogope, uone kama hakitatokea. Na huyu jirani yangu Bi Time, unamwona? Akimtoa wa kwake, mimi nikamwacha wa kwangu darasani, kipande changu kinahamia kwake nikiwa nimesimama."

Kutoka upande wa pili wa uzio ikaja sauti ya mwanamke. "Nakusikia, Vuai! Wewe ndiye uliyeanza kumtoa Mbwana mwaka juzi, mimi nikafuata!"

"Nilianza kwa sababu uliazima mpwa wako wa Kisimbi!"

"Mpwa wangu alikuja kutembea!"

"Na jembe?"

Walibishana hivyo mpaka chai ikapoa, na kila mmoja alikuwa akisema kweli. Hapa ndipo ninapotimiza ahadi ya mwanzo. Sharti la mikono sikuliona. Niliona majembe, niliona uzio, baadaye nilimwona Bwana Faki. Sharti lenyewe halina sura, na kwa miaka mingi halikumkata mtu hata kipande. Lakini ukiliondoa kichwani, hakuna unachokiona Pangali kitakachoeleweka. Ukilirudisha, vinaeleweka vyote, hadi ugomvi wa mpwa.

Swali moja lilibaki: kwa nini msiba huu umwandame Mashavu peke yake? Jibu alilitoa mwenyewe, polepole, kama mtu anayefungua fundo. Walimu wenye ndugu mjini huombewa vijiji vya milimani, ambako watu wanamiliki mashamba yao. Yeye hana ndugu ofisini, kwa hiyo hupewa bonde. Na walimu wapya hupelekwa mwanzo wa mwaka, palizi ikiwa mlangoni.

"Kwa hiyo hata mimi sikufika kwa bahati," akasema. "Nililetwa na mkono usioonekana, kama wao." Kisha akashtuka. "Lakini Uvumba!"

Uvumba ni kijiji kingine cha bondeni, chenye sharti lile lile, ambako aliwahi kufundisha kwa muda. Huko watoto hawakuacha. Idara haikukiandika kijiji hicho, kwa kuwa katika harusi hutajwa waliohudhuria tu. Tulikwenda. Tulikuta kwamba miaka ya nyuma mafuriko yaliwahi kufuta mipaka yote ya mashamba yao, na msimu ule walipalilia pamoja kwa kukosa namna, leo shamba la huyu, kesho la yule. Mipaka ilipowekwa upya walikuwa wameshazoea. Msimamizi alipopita, kila shamba alilolikuta likifanyiwa kazi lilikuwa na mikono ya kijiji kizima, naye hakujua amkate nani ampe nani. Sharti lilikuwepo Uvumba kama lilivyokuwepo Pangali. Lilikuwa limekutana na kitu kingine kilicholishika mkono.

Tulirudi mjini kumweleza Bwana Machano. Alisikiliza, kofia akiizungusha magotini, na nikaona kwamba ni mtu mwaminifu aliyepata taabu.

"Kwa hiyo nivunje ndoa hii, niozeshe Sharti la Mikono na Kuondoka kwa Watoto?"

"Haitafaa," akasema Mwalimu Mashavu. "Uvumba sharti lipo na watoto hawaondoki."

"Basi sharti halina nguvu."

"Lina nguvu. Linazuiwa."

"Mwalimu, jambo ambalo mara linafanya, mara halifanyi, mimi nitalisajilije?"

"Bwana Msajili, wewe una nguvu ya kuimba?"

"Ninayo," alisema Bwana Machano, akiona haya kidogo. "Kwetu naimba."

"Mbona sasa hivi huimbi?"

"Niko kazini!"

"Basi. Ingawa hatukusikii, nguvu unayo. Kikikuzuia kitu unanyamaza, kikiondoka unaimba. Ukitaka kumjua mtu au kijiji, huwezi kuandika yale yanayosikika tu."

Makarani wakacheka. Bwana Machano hakucheka. "Utajuaje kwamba hujitungii?" akauliza. "Ukishaanza kusema kuna visivyoonekana, kila mtu ataleta chake. Huyu jini, yule bahati mbaya. Angalau mbuzi wangu anaonekana."

Lilikuwa swali zuri, na mwalimu alilikubali kuwa zuri. Alisema naye huenda amekosea. Lakini maelezo yanaweza kushindanishwa: yapi yanaeleza Tondooni na Kisimbi, na Uvumba pia, na milimani, na kwa nini wakati ule na si mwingine? Yake yanaeleza yote hayo. Ya Idara yanaeleza vijiji viwili na kukificha cha tatu. Akitokea mtu na maelezo bora, ataacha yake.

"Nitakuja Pangali mwenyewe wakati wa palizi," alisema Bwana Machano mwishoni. "Watoto wakiondoka, nitakuvusha mto, hata kama nimeyapenda maneno yako."

Sasa ilibaki kuwashawishi watu wa Pangali, na hilo lilikuwa gumu kuliko kumshawishi Msajili. Bi Hidaya aliposikia habari alikuja mwenyewe kutoka mjini, akaketi na wanawake siku nzima kuwasikiliza, na ndiye aliyegundua wanachokiogopa hasa. Kazi hawakuiogopa. Waliogopa kuwa wa mwisho katika zamu, kwa sababu Bwana Faki akipita kabla ya siku yao, watu wakachoka, shamba lao litakutwa tupu.

"Mimi nianze," alisema Bi Time kwenye mkutano.

"Kwa nini wewe?" akasema Vuai.

"Kwa sababu mimi mjane, nawe una mke mwenye mikono kama beleshi."

Mke wa Vuai akasema asiingizwe. Watu wakaangua kicheko, na kicheko kile kilifanya kazi ambayo hoja hazikuifanya. Walikubaliana kupiga kura ya zamu, na kwamba atakayekuwa wa mwisho atalindwa: msimamizi akisimama kwenye shamba lake kabla ya zamu, wote watahamia humo. Mtu mmoja tu, Bwana Makame wa kisima cha juu, alikataa. Alisema amewaona jirani zake miaka yote na hawaamini. Hakuna aliyemlaumu. Alikuwa na sababu.

Palizi ikaanza. Asubuhi ya kwanza mashamba yote yalikuwa matupu isipokuwa mawili: la Bi Time, lililojaa kijiji kizima, na la Makame, ambako alikuwa yeye, mkewe na mtoto wao wa kiume aliyekuwa amekaa dawati la mbele wiki iliyopita. Niliwaona watu wakitazama upande wa mto, anakotokea Bwana Faki, mara kwa mara. Walikuwa wameweka rehani riziki yao kwa neno la jirani, na mwalimu alikuwa ameweka maisha yake juu ya watu hao.

Bwana Machano alifika siku ambayo zamu ilikuwa ya Vuai. Hakwenda shambani. Alikwenda moja kwa moja mlangoni pa darasa, akatazama ndani, midomo ikihesabu.

"Wapo wasiokuwepo," akasema.

"Wapo," akajibu Mwalimu Mashavu. "Mtoto wa Makame. Na Riziki, binti wa Bi Time."

"Yule wa Makame naelewa, baba yake hakujiunga. Lakini Bi Time amejiunga. Shamba lake limeshapaliliwa. Kwa maelezo yako binti yake alipaswa kuwa hapa." Alisema hivyo bila furaha. "Amefika mwalimu, kaondoka mtoto. Ndoa ipo."

"Kaulize."

"Mimi?"

"Wewe ndiye Msajili."

"Mwalimu, tangu Idara ianzishwe hakuna afisa aliyeingia nyumba ya mtu kuuliza kwa nini."

"Najua," akasema mwalimu.

Bwana Machano akatoka mlangoni, mtu mzito katikati ya uwanja mweupe. Kisha akateremka kwenye njia ya nyumba ya Bi Time. Tulimsikia akipiga hodi, akajibiwa, tukaona akivua viatu mlangoni na kuinama ili aingie. Mwalimu Mashavu alirudi darasani akaendelea na somo la mito na vyanzo vyake, lakini mara mbili aliandika neno na kulifuta.

Bwana Machano alirudi akiwa na kikombe cha uji ambacho bila shaka alishindwa kukikataa.

"Bi Time ana homa," akasema. "Mtoto anamuuguza. Nikamuuliza, isingekuwa homa, ungekuwa wapi saa hizi? Akanitazama kama mimi ni mpumbavu. Darasani, akasema." Akanywa uji kidogo. "Watoto wawili hawapo. Nikitazama kwa mbali ni kitu kimoja. Mmoja kaondolewa na hofu ya baba yake, mwingine na homa ya mama yake. Hawa wengine wote wamebaki, na mwaka jana wangeondoka. Mwalimu ni yule yule kwa wote."

"Ndiyo," alisema Mwalimu Mashavu.

"Ile ndoa nani aliifungisha?"

"Wewe, Bwana Msajili."

"Mimi," akakubali. Akatafuta mahali pa kuweka kikombe, hakupaona, akabaki nacho. "Basi naitengua. Kaa ufundishe."

Mwalimu hakuruka wala hakulia. Aliegemea fremu ya mlango, akafumba macho kidogo, kisha akawaambia wanafunzi wafungue ukurasa unaofuata.

Saa ya mapumziko tulishuka wote shambani, maana Bwana Faki alikuwa amefika. Tulimkuta kwenye tuta, mtu mwembamba mwenye fimbo, akiwatazama watu wa kijiji kizima waliojipanga katika shamba moja.

"Mikono hii ya nani?" alikuwa akiuliza.

"Leo ya Vuai," wakamjibu.

"Na kesho?"

"Kesho njoo kesho, shemeji!"

Bwana Machano, ambaye siku hiyo alikuwa ameonja kuuliza na hakutaka kuacha, alimsogelea. "Bwana Faki, nani alikutuma kuhesabu mikono?"

Faki akashangaa. "Nilikuta inafanywa hivi."

"Na aliyekutangulia?"

"Naye alikuta."

Bwana Machano akamgeukia mwalimu, kama mwanafunzi aliyekwama. "Sasa sharti hili liko wapi? Halina nyumba. Nikapige hodi wapi?"

"Linapita humu humu, mikononi mwetu," akasema Mwalimu Mashavu. "Tumelikuta, hatukulitunga. Lakini kila palizi tunalishika na kulipeleka mbele. Hawa wamelizuia mwaka huu, hawajalifuta. Kulifuta, itabidi twende wote serikalini, Makame naye akiwemo. Ila wakianza kufanya vingine hapa, watakaokuja watakuta vingine."

"Na mimi nitahesabu nini?" akauliza Bwana Faki kwa wasiwasi wa kweli, maana alikuwa na watoto nyumbani kama wengine.

"Hesabu magugu, shemeji," mke wa Vuai akamwambia, akimsogezea jembe la ziada, "au shika hili."

Niliondoka Pangali alasiri hiyo. Nilipogeuka njiani kutazama nyuma, Bwana Faki alikuwa ameshalishika jembe, vibaya sana, na watu wawili walikuwa wakigombana nani amfundishe.